Usianze na simba: namna ya kuwajulisha watoto wanyamapori na kuwafundisha kuwalinda

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mara ya kwanza nilipotaka kuwafundisha watoto wa kaka yangu habari za wanyamapori nilifanya kile ambacho karibu kila mtu mzima anafanya, nikatoa picha ya simba, alafu tembo, alafu faru, nikaanza kusema huyu anauawa, huyu anakwisha, huyu wamebaki wachache, na kabla sijafika mwisho yule mdogo wa miaka sita ameshalala na yule mkubwa wa miaka tisa ananiangalia tu, "Shangazi, sasa sisi tufanyeje?" Sikuwa na jibu. Simba hajawahi kumwona hata siku moja, na habari ya kwanza anayopewa kuhusu huyo simba ni ya msiba. Nani anaanza kumpenda mtu aliyetambulishwa kwake kwenye matanga?

Siku hizi naanza na trei ya mchanga.

Trei

Tafuta trei pana au kifuniko cha ndoo kubwa, hata kipande cha bati kilichonyooka kinafaa, weka mchanga laini uliochekechwa unene wa kama vidole viwili hivi, nyunyiza maji kidogo tu, manake ukizidisha unakuwa uji na ukipunguza nyayo zinabomoka zenyewe, alafu lainisha juu kwa rula mpaka pawe kama meza. Iweke jioni mahali ambapo unahisi kuna kitu kinapita usiku: kando ya ukuta, chini ya ua, karibu na bomba linalovuja. Usiweke chakula katikati. Najua utashawishika, lakini chakula kinamzoesha mnyama kuwafuata watu, na mnyama aliyezoea watu mara nyingi mwisho wake sio mzuri. Subiri tu. Asubuhi na mapema kabla jua halijapanda ndo muda wa kuangalia, au tumia tochi, ila usiimulike kutoka juu, ilaze pembeni ya trei ili mwanga upite chinichini, hapo vivuli vinajaa kwenye vishimo na unyayo ambao ulikuwa huuoni kabisa unatokeza wenyewe.

Siku mbili za kwanza tulipata majani makavu na alama za matone. Siku ya tatu vinyayo vikawepo, vidogo kama vimechorwa kwa sindano, na katikati mstari mwembamba wa mkia. Yule mdogo akalala kifudifudi, kidevu sakafuni, akawa anahesabu kwa ncha ya kijiti bila kugusa mchanga. Nilikuwa nimeshamwambia kwamba panya mguu wa mbele una vidole vinne na wa nyuma vitano, kwa hiyo nilikuwa nimesimama pale nangojea aniambie ni panya tuende tukanywe chai. "Shangazi, mbele viko vitano." Nikabisha. Tukahesabu tena, tukahesabu na unyayo wa pili na wa tatu, vitano. Hakuwa panya bwana, alikuwa kirukanjia.

Kirukanjia watu wengi wanamdhania ni panya mwenye pua ndefu, kumbe hata sio ukoo mmoja, chakula chake hasa ni wadudu na minyoo, moyo wake unadunda haraka ajabu na kwa siku anaweza kula chakula kinachokaribia uzito wake mwenyewe, akikosa kula kwa masaa machache tu maisha yake yanakuwa hatarini. Na kuna aina za kirukanjia ambazo watoto wakihama na mama yao wanashikana kwa meno, kila mmoja kang'ata nyuma ya mwenzake, wanaenda msururu mmoja kama treni. Basi mtoto aliposikia hiyo ya treni, simba hakufua dafu tena nyumba ile.

Ndo maana nasema anza na aliye karibu. Mtoto akishamtambua mnyama mmoja kwa ushahidi alioukusanya mwenyewe, huyo mnyama anakuwa wake, na kumlinda kunakuja bila mahubiri.

Ukiwa na nyayo kubwa zaidi kuna kitu kimoja rahisi cha kumfundisha. Ukoo wa paka unatembea umefutika kucha, kwa hiyo unyayo ni mviringo, vidole vinne, hakuna alama ya kucha. Ukoo wa mbwa, pamoja na mbweha, unyayo ni mrefu kidogo na kucha zinaonekana mbele ya kila kidole. Alafu mpe mtego: duma ni wa ukoo wa paka lakini kucha zake hazifutiki zote, zinamsaidia kushika ardhi akikimbia, kwa hiyo unyayo wake una kucha kama wa mbwa. Watoto wanapenda sana kanuni yenye mhaini ndani yake.

Na mavi, jamani tusijifanye, hakuna somo linalowachangamsha kama hilo. Kwa kijiti, sio kwa mkono, na baada ya hapo sabuni. Vidonge vya mviringo vikavu vyenye nyasi ndani ni sungura, lundo la vidonge vidogo mahali palepale kila siku linaweza kuwa la digidigi anayeweka mpaka wake, kinyesi cha fisi kikikauka kinakuwa cheupe kwa sababu ya mifupa aliyokula, na cha tembo kimejaa nyuzi za majani na mbegu nzimanzima ambazo baadaye zinaota palepale, yaani tembo anatembea anapanda miti bila kujua. Mawe yenye michirizi myeupe kama yamemwagiwa chokaa, tafuta pimbi jirani, huo ni mkojo wake uliokauka miaka na miaka. Na ukishamwona pimbi, kanono kamekaa juani, ndo umwambie mtoto kwamba kati ya wanyama wote walio hai ndugu zake wa karibu ni tembo na nguva. Hataamini. Mwache asiamini, atakuja kuuliza tena.

Mnunulie daftari lisilo na mistari. Tarehe, saa, hali ya hewa, nimeona nini, mchoro. Mchoro mbaya ni bora kuliko picha ya simu, manake ukichora lazima uangalie masikio yako wapi, ukipiga picha huangalii chochote.

Mnyama ni nani kwani?

Hapa kuna mkorogo kidogo. Kwa mazungumzo ya kawaida mtu akisema "mnyama" anafikiria kitu chenye miguu minne, sasa popo aende wapi, nyangumi aende wapi? Mpe mtoto neno mamalia na alama mbili tu: ananyonyesha watoto maziwa, na ana nywele hata kama ni chache. Nyangumi na pomboo wanaingia, pomboo huwa anazaliwa na vinyweleo vichache mdomoni. Papa hayumo. Popo yumo, mbuni hayumo, kasa hayumo, kakakuona yumo pamoja na magamba yake yote. Tunacheza hivi: mimi nataja jina, wao wanaruka mbele kama yumo na kubaki kama hayumo, anayekosea anarudi mwanzo. Wakishakuwa wajuaji sana wapige na kinyamadege wa Australia, ana mdomo kama wa bata, anataga mayai, alafu watoto wakitoka kwenye yai wananyonya, na hana hata chuchu, maziwa yanachuruzika tu kwenye ngozi wanalamba. Yumo.

Alafu wape hesabu moja. Aina za mamalia duniani zinazojulikana zinazidi 6,000, kama mbili katika kila tano ni wa kundi la panya, kindi na nungunungu, na moja katika kila tano ni popo. Kwa hiyo yule simba wa kwenye kava la daftari ni mgeni tu humo ndani, wenyeji ni hawa wadogo wa usiku ambao hakuna anayewachora.

Jioni ya popo

Hii haina gharama yoyote. Kaeni nje dakika kumi kabla giza halijaingia, chagueni kipande kimoja cha anga kati ya miti miwili au paa na mti, mkae kimya na mhesabu wanaokatiza kwa dakika tano. Andikeni. Rudieni wiki ijayo. Usishangae mtoto ambaye darasani hatulii akitulia hapa, mimi nimeliona hilo kwa macho yangu.

Maneno ya kusema wakati mnasubiri: popo ndo mamalia pekee anayeruka kwa mabawa kweli, wengine kama kindi wa kuruka wanateleza tu hewani. Bawa lake ni mkono, ngozi imetandazwa kati ya vidole, mwambie mtoto atanue vidole vyake aone. Popo sio kipofu, anaona, ila wale wanaowinda wadudu wanapiga sauti kali ambazo sisi hatuzisikii na kusikiliza mwangwi unaporudi, ndo wanajua nondo yuko wapi. Popo wanaokula matunda wanasambaza mbegu, na maua ya mbuyu yanafunguka usiku yakiwangoja popo wayachavushe. Na wengi wanazaa mtoto mmoja tu kwa mwaka, lakini wapo popo wadogo wa gramu chache wanaoishi zaidi ya miaka 30, kwa hiyo mtu akichoma moto pango au akakata mti wao kwa sababu ya imani tu, pengo hilo haliji kuzibika upesi.

Mchezo: mmoja afungwe kitambaa machoni awe popo, wengine nondo. Popo akisema "popo!" kila nondo lazima ajibu "nondo!", na yeye anamfuata kwa sauti. Ndani ya dakika kumi wameelewa mwangwi kuliko mchoro wowote.

Ila kanuni moja haina mjadala: popo aliyeanguka chini hashikwi, hata kama anaonekana anahitaji msaada. Nitarudi kwenye hilo.

Hadithi na fisi wake

Sisi tumekulia kwenye sungura mjanja na fisi mlafi, na wala sisemi tuzitupe hadithi hizo, nazipenda. Ninachofanya ni kusimulia mpaka mwisho, alafu kuuliza "sasa tumhoji fisi mwenyewe angesema nini?" Angesema kwamba yeye ni mwindaji hodari, sehemu kubwa ya chakula cha fisi madoa anakiwinda mwenyewe na mara nyingine simba ndo wanakuja kumnyang'anya. Angesema wakubwa wa ukoo ni majike, jike ni mkubwa kuliko dume na ndiye anayetangulia kula. Angesema kile tunachokiita kucheka sio kucheka, ni kelele za mtu aliyebanwa au aliyepandwa na jazba. Nungunungu naye angelalamika kwamba hajawahi kurusha miiba kama mishale, anachofanya ni kumgeuzia adui mgongo na kumrudia kinyumenyume, miiba inabaki imemchoma.

Hili sio jambo dogo hivyo. Mnyama mwenye sifa mbaya ndo anayeuawa bila mtu kujisikia vibaya, na sifa hizo watoto wanazipata kwetu sisi wakubwa, tukipiga kelele tukiona popo, tukisema "lione fisi hili".

Simu mkononi

Watoto wengi watakutana na wanyama kwenye video kabla ya kukutana nao mahali pengine popote, kwa hiyo kaa nao uangalie, usiwaachie tu. Kuna klipu zinazosambaa za lorisi, jamaa wa komba anayeishi Asia, anatekenywa na kunyanyua mikono juu watu wanacheka anavyofurahia. Hafurahii. Lorisi ni mmoja wa mamalia wachache wenye sumu, tezi yake iko upande wa ndani wa mkono karibu na kiwiko, na akinyanyua mikono anajiandaa kuilamba ili ang'ate. Wale wanaouzwa wengi wameshang'olewa au kukatwa meno. Na sokwe mtu anayeonyesha meno yote kwenye picha za matangazo, lile sio tabasamu, sokwe akiogopa ndo anafanya hivyo.

Mfundishe mtoto maswali matatu kabla ya kulaiki au kushea: huyu mnyama angekuwa hapa kama asingeletwa? Mama yake yuko wapi? Anaweza kuondoka akitaka? Yule wangu mkubwa sasa amekuwa kero, hatuwezi kuangalia video yoyote ya mtoto wa simba amelala kitandani kwa mtu bila yeye kutoa hotuba.

Usalama, bila kumtisha

Mtoto anayependa wanyama atataka kuwashika, hiyo lazima uitarajie. Kwangu kanuni ni fupi: simama, rudi nyuma taratibu, ita mkubwa. Hakuna kushika mnyama wa porini aliye hai, mgonjwa au mfu.

Sababu kubwa ni kichaa cha mbwa. Duniani karibu wagonjwa wote wa kichaa cha mbwa wameng'atwa na mbwa, lakini nyani, mbweha, nguchiro, popo na mamalia wengine wanaweza kuubeba, na mnyama wa porini aliyegeuka mpole ghafla akakuacha umsogelee ni wa kuogopwa kuliko anayekimbia. Mtoto aking'atwa au kuparuzwa, hata kidogo tu, osha jeraha palepale kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kamili, ziangalie kwenye saa, alafu hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo. Usisubiri dalili, dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Na muhimu kuliko yote mtoto ajue kwamba akisema ukweli hatagombezwa, manake wengi wanaficha kwa kuogopa kuchapwa.

Tumbili na nyani: usimtazame machoni, usimwonyeshe meno hata kwa kucheka, usishike chakula waziwazi. Mtoni na ziwani kwenye viboko: usisimame kamwe kati ya kiboko na maji. Mtoto hana cha kufanya huko bila mkubwa anayepajua mahali.

Na kile kitoto cha swala au sungura mlichokikuta kwenye majani kiko peke yake? Hakijatupwa. Mama anakilaza ili afiche harufu, anaenda kula, anarudi kunyonyesha. Watu wenye huruma wanakibeba nyumbani na kinakufa. Rudini nyuma mlikotoka, na kama kweli kina jeraha wapigieni watu wa wanyamapori wa eneo lenu waje wenyewe.

Sasa tufanyeje

Lile swali la mtoto wa miaka tisa lilinichukua muda mrefu kulijibu, na jibu limegeuka kuwa la vitu vya kawaida mno. Kwa mfano chupa. Chupa tupu iliyotupwa kwenye nyasi imelala kwa mteremko ni mtego, kirukanjia anaingia kufuata harufu ya wadudu, kuta zinateleza, hatoki. Tulipookota chupa kandokando ya njia tulikuta moja ina mifupa midogo na manyoya ndani. Sikuhitaji kusema neno, tokea siku hiyo wale watoto hawapiti chupa.

Mbwa wenu wapelekwe chanjo na wafungiwe usiku. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa unaowapata mbwa uliingia kwa simba wa Serengeti na kuua karibu theluthi yao, kwa hiyo mtoto anayekumbusha kwamba mbwa hajachanjwa anafanya kazi ya kulinda simba bila kutoka nyumbani. Paka naye alale ndani, usiku anaua vidogo vingi kuliko anavyoleta mlangoni. Sumu ya panya ikwepeni kadiri inavyowezekana, panya aliyekula sumu anatembea siku kadhaa amelegea, anakamatwa na kanu au bundi, na sumu inaendelea na safari. Acheni kona moja ya ua ichafuke, majani makavu, magogo, msifyeke. Taa ya nje isiyo na kazi izimwe. Dereva aambiwe apunguze mwendo jioni, na mwambie mtoto ndiye msimamizi wa hilo, ataifanya kazi hiyo kwa ukali wote.

Jambo kubwa kuliko yote lakini ni makazi, na hilo huwezi kuliokota kama chupa, kwa hiyo nalicheza. Chukua uwanja, upande mmoja msitu, upande mwingine maji. Watoto ni tembo, wanatoka msituni kwenda kunywa na kurudi. Raundi ya kwanza uwanja mtupu, wote wanafika. Raundi ya pili weka boksi, hili ni shamba, ukiligusa umetoka. Raundi ya tatu weka barabara, mtoto mmoja anapita huku na huku kama lori. Ongeza mashamba mpaka hakuna njia. Alafu kaeni chini mjadiliane wapi mwenye shamba angesogea kidogo ili ushoroba, yaani njia ya wanyama kupita, upatikane bila yeye kukosa chakula. Mwenye shamba awe mtoto pia na apewe haki ya kukataa! Bila huyo mchezo unakuwa wa uongo, manake tembo mmoja anaweza kula kilo 150 kwa siku na kuna mtu shamba lake ndo chakula chake cha mwaka. Hapo ndo unawaambia kwamba tembo wanaogopa nyuki, na kuna wakulima wanaozungusha shamba kwa mizinga iliyounganishwa na waya, tembo akisukuma waya mizinga inayumba, nyuki wanatoka, anageuza, na mkulima anabaki na asali.

Habari mbaya, kwa kipimo

Chini ya miaka saba mimi sizungumzii kabisa kuisha kwa wanyama, ni kuona na kustaajabu tu. Baadaye, mkate mtoto kucha. Kipande kile kiweke kiganjani kwake umwambie hii ndo pembe ya faru, ndo gamba la kakakuona, ni keratini ileile ya kucha zako na nywele zako. Mkae nacho. Kakakuona akitishwa anajikunja mpira, simba akijaribu anashindwa, ila binadamu anamwokota tu kama embe. Aina zote 8 za kakakuona biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku tangu 2017 na bado wanaendelea kukamatwa, na jike kwa kawaida anazaa mtoto mmoja, anambeba kwenye mkia.

Wale wakubwa wameuliza kuhusu faru mweupe wa kaskazini na nimewaambia ukweli: dume la mwisho, Sudan, alikufa Machi 2018 nchini Kenya, wamebaki majike wawili, Najin na binti yake Fatu. Usiishie hapo lakini. Siku hiyohiyo wape na wale waliorudi. Choroa wa Uarabuni aliisha kabisa porini mwaka 1972, wakabaki waliofugwa, mwaka 1982 wakaanza kurudishwa jangwani Oman na leo wapo. Gorila wa milimani wa Rwanda, Uganda na Kongo walipita 1,000, na mwaka 2018 wakashushwa daraja la hatari. Nyangumi walipata nafuu baada ya uvuvi wa biashara kusimamishwa 1986. Watu waliamua na wakafanya, mtoto anahitaji kujua kwamba hilo huwa linatokea.

Wakikua

Kuanzia miaka kumi hivi wape kazi ya kweli. Programu ya simu ya Seek inatambua mimea na wanyama kwa kamera na haimtaki mtoto afungue akaunti. Kwenye tovuti ya Zooniverse kuna miradi ambapo mtu yeyote anasaidia wanasayansi kutambua wanyama kwenye picha za kamera zilizotegwa porini, unaojulikana zaidi ni Snapshot Serengeti uliotumia kamera 225. Picha nyingi ni nyasi tupu zilizotikiswa na upepo, wajue mapema. Wasimulie habari ya Richard Turere, kijana wa Kimasai wa Kenya aliyekuwa na miaka 11 hivi alipotengeneza taa za kuwaka na kuzimika kuzuia simba wasile ng'ombe wa baba yake, baada ya kugundua kwamba simba wanaogopa mwanga unaotembea. Na kama shuleni kuna walimu wenye moyo wanaweza kuanzisha kikundi cha Roots & Shoots, cha vijana wanaotunza wanyama na mazingira, alichokianzisha mtafiti wa sokwe Jane Goodall mwaka 1991 Dar es Salaam na wanafunzi 12 tu waliokaa kwenye baraza ya nyumba yake.

Mkipata nafasi ya kwenda hifadhini, msikimbizane na orodha. Simameni mahali pamoja nusu saa, injini imezimwa, darubini zikipokezanwa. Mliotoka na mafua msiende kwa sokwe wala gorila, wanaambukizwa magonjwa yetu.

Kalenda

Tunazo siku zetu ukutani. Machi 3 ni siku ya wanyamapori duniani, ndo tarehe ambayo CITES, mkataba wa kudhibiti biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea ya porini, ulisainiwa 1973. Jumamosi ya tatu ya Februari ni ya kakakuona, Juni 21 twiga, Agosti 10 simba, Agosti 12 tembo, Septemba 22 faru. Yule mdogo alipitia orodha yote kwa kidole akauliza ya kirukanjia iko wapi. Haipo. Basi kamchagulia yeye, tarehe ileile tuliyohesabu vidole vitano, na kila mwaka jioni ya siku hiyo tunatoa trei. Mwaka huu asubuhi tulikuta njia moja ndefu inayopinda imekatiza mchanga wote, akachukua tochi, akailaza, akaangalia muda mrefu sana, alafu akaandika kwenye daftari: jongoo.